Maziwa ya Ng'ambo ya Hori

Dubai ya leo, mtu akitaka kujua bei ya dhahabu hubonyeza simu. Akitaka kujua meli gani imefunga gati, hubonyeza simu. Lakini akitaka kumwoza binti yake kwa kijana ambaye wazee wake walikuwa majirani zamani, humpigia Bi Kaltham.

"Mama Ghanim, salaam aleikum. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mbuzi hawajambo?"

"Mbuzi niliwauza mwaka wa tisini. Sema, nani anaoa?"

Kazi hii hakuiomba, na haina mshahara. Mtaa aliozaliwa, Deira, kando ya hori, ulikuwa wa nyumba za makuti ya mtende zilizobanana hata mtu akipiga chafya, nyumba ya tatu humwombea rehema. Wanawake walizaa kwa pamoja, wakaugua kwa pamoja, na mtoto aliyelia alipewa ziwa lililokuwa karibu. Hakuna aliyeona ajabu. Ila sheria haikulala: mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, huyo amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Ikabidi pawe na mtu wa kukumbuka nani kanyonya wapi. Wengine mtaani walikumbuka nasaba za ngamia. Kaltham bint Obaid alikumbuka maziwa.

Kisha mji ukaanza kunenepa. Ikaja bandari, likaja daraja, ukaja uwanja wa ndege, yakaja mafuta, nayo yalikuwa machache kuliko wageni wanavyodhani. Serikali ikagawa nyumba, na mtaa uliokuwa ukimalizika kwa hatua mia mbili ukatapanywa jangwani kilomita arobaini. Watu waliokuwa wakijuana kwa harufu ya mchuzi sasa wanatafutana kwa ramani ya simu. Watoto wao walikua bila kufahamiana, wakakutana vyuoni na maofisini, wakapendana. Idara za serikali zilikuwa na kumbukumbu za magari, mabango ya maduka na mbwa waliochanjwa. Maziwa hayakuwa na idara. Yalikuwa na Bi Kaltham, aliyekuwa akiishi Mirdif, chini ya njia ya ndege, na asiyejua kusoma.

Mara mbili katika maisha yake alivunja harusi. Ya pili ilikuwa ya Ghaya, msichana wa mtaani kwao, zikiwa zimebaki siku sita. Bi Kaltham alisema, "Mara nane. Nilikuwapo," na neno likaisha hapo. Ghaya baadaye aliolewa na mtu mwingine, akapata watoto sita, na kila Idi humletea Bi Kaltham tende za khalasi, kwa adabu iliyokamilika mno.

Basi zamu ya kutaka kuoa ikamfikia Suhail, kitinda mimba wake, aliyezaliwa Bi Kaltham akiwa na miaka arobaini na moja na ameshagawa nguo zote za watoto. Suhail alikuwa akifanya kazi katika ile bandari kubwa mpya, amekaa mbele ya vioo sita vya kompyuta, akihamisha makontena kwa kidole. Meza ya tatu kutoka kwake alikaa Mahra, aliyezipangia meli gati. Mwaka mzima hawakuzungumza ila habari za tani na winchi. Hata hivyo, kijana akakonda.

"Hata nywele zake sijawahi kuziona, Mama," alisema siku alipokuja kuomba watu wa kwenda kuposa.

"Utaziona kwa mlango wa halali. Baba yake nani?"

"Dhahi bin Saif. Wa Jumeirah."

Bi Kaltham alifumba macho, akapita katika kumbukumbu yake nyumba kwa nyumba, kama mtu anayepapasa rafu gizani. Dhahi hakumkuta popote.

"Safi," akasema. Posa ikaenda, ikajibiwa. Ukumbi wa hoteli ukakodiwa kwa wanawake mia saba, na siku ya kufungishwa ndoa mahakamani ikapangwa.

Siku kumi kabla, wanawake wa pande zote mbili walikusanyika kwa Bi Kaltham kutazama vitu vya bibi harusi kabla havijapelekwa: vitambaa vilivyotandazwa sebuleni kama soko, udi, manukato, mikoba, na dhahabu ambayo kila mmoja alijifanya haangalii. Miongoni mwa wageni alikuwamo Afra, dada yake baba wa bibi harusi. Familia yao ilihamia Kuwait yeye angali mtoto, siku zile watu wa Dubai ndio waliokuwa wakienda kutafuta kazi kwa wenzao. Wazazi na ndugu yake walirudi mafuta yalipoonekana; yeye aliolewa hukohuko, akabaki. Alikuwa ametua asubuhi ileile na hakuwa na dalili ya uchovu.

"Kikombe hiki ni cha kunywea au cha kuonjea?" aliuliza, akinyoosha mkono kwa mara ya nne. Kwa desturi, mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe. Cha Afra hakikutikisika.

"Kunywa, mama. Birika liko pale pale," alisema Bi Kaltham, akimimina.

"Wewe sura yako naijua. Kabla ya Mirdif mlikuwa wapi?"

"Deira. Nyuma ya soko la samaki, penye kisima cha maji ya chumvi."

Afra alishusha kikombe. "Kaltham! Kaltham wa asubuhi! Si wewe uliyekuwa ukivuka hori na abra, zile mashua za kuvushia watu, kuja kwetu kumnyonyesha Khaisha?"

"Khaisha namkumbuka," Bi Kaltham alisema, bado anatabasamu. "Mtoto wa watu wa ng'ambo, mama yake ana homa ya uzazi. Maskini. Yuko wapi siku hizi?"

"Yuko wapi? Amekaa barazani kwako na wanaume, anakula tende! Khaisha si ndiye Dhahi!"

Aliyekuwa akikunja kitambaa alikiachia nusu.

Khaisha maana yake gunia. Baada ya Afra, mama yao alikuwa amezika watoto watatu mfululizo, kwa hiyo aliyefuata akaitwa gunia, ili kifo kikipita mlangoni kione ni takataka tu, kiendelee na safari. Hila hiyo ilifaulu vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mtoto aliishi, akaenda Kuwait akiwa Gunia, na aliporudi akiwa na miaka kumi na mbili karani wa pasipoti alikataa kuandika gunia katika kitabu cha serikali. Akaandikwa Dhahi. Kifo kilidanganyika, na miaka arobaini na tisa tangu mtoto azaliwe, Bi Kaltham naye akadanganyika.

Maana hesabu ilikuwa nyepesi, na kila mwanamke pale aliimaliza kabla kahawa haijapoa. Ikiwa Dhahi alinyonya mara tano, Dhahi ni mwana wa Bi Kaltham. Suhail ni ndugu yake. Na Mahra anaolewa na ami yake.

"Kaltham alikuja wiki nzima," Afra alianza, kisha akaiona sura ya kila mtu, akaziba mdomo kwa shela.

Ghaya, yule aliyevunjiwa harusi, alikuwa amekaa karibu na vitambaa. Aliinuka taratibu, akajifunga shela yake vizuri.

"Mama Ghanim," alisema, "zihesabu sawasawa. Kama ulivyozihesabu zangu."

Alitikisa kikombe, akakirudisha, akaaga kila mtu kwa jina.

Jioni ile Suhail alikaa miguuni pa mama yake kama alivyokuwa akikaa zamani akiwa na homa.

"Mara ngapi, Mama?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Najua nilikwenda. Siku nilizokwenda sikuzihesabu. Nani huhesabu anachompa mtoto mwenye njaa?"

Binti yake mkubwa, Maitha, alikuja kesho yake na chakula na shauri. Shauri lilitangulia. "Mama, una miaka sitini na nane. Kusahau ni haki yako. Mwambie kadhi hukumbuki, sheria inasema shaka haiharamishi kitu. Nani atakulaumu?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Nikilisahau hili, Maitha, la Ghaya nililikumbukaje?"

Maitha akafunua chakula.

Bi Kaltham hakulala vizuri siku mbili. Ya tatu akatuma gari Jumeirah limlete Afra. Akaagiza wasiingie watu. Akaweka birika katikati yao, akasema: "Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukikaa upande ule. Mimi kumi na tisa, nikitoka upande huu. Nitasema nilivyovuka, nawe useme nilivyofika. Tusidanganyane, mwanamke. Sote tunaitaka harusi hii."

"Mimi gauni langu tayari limeshashonwa," alisema Afra. "Haya. Siku ya kwanza ulikuja na baba. Alikufuata yeye mwenyewe."

"Kweli. Alikuwa analia, akidai ni vumbi."

"Ya pili ulikuja na samaki."

"Ya pili nilikuja na samaki. Wewe ukalalamika."

"Alikuwa mdogo! Ya tatu ilinyesha mvua, ukakwama kwetu mpaka adhuhuri. Ya nne ulimbeba mwanao Ghanim, akamkojolea mama kitandani."

"Ya nne ndiyo hiyo."

"Ya tano..."

"Ya tano sikuja."

"Ulikuja, bwana! Mimi ndiye niliyekuwa nikikungojea na mtoto pale mashua zinapotia nanga."

"Ulingoja. Sikuja, Afra." Bi Kaltham alikuwa ameacha kumwangalia. "Ndiyo siku walipoingiza ule mtambo wa kuchota mchanga. Walitandaza mabomba na minyororo toka ukingo hadi ukingo, na jamaa mmoja mwenye kofia akipunga bendera kila abra ilipotaka kutoka. Hori lilikuwa limejaa mchanga, majahazi yalikuwa yakikwama, wakubwa wameamua kulichimba. Mimi nilikuwa na mtoto wa watu ng'ambo. Nilimwambia jamaa wa bendera. Hakujua Kiarabu. Nikasimama pale mpaka adhuhuri, maziwa yamelowesha nguo mpaka kiunoni, nikarudi nyumbani. Miaka yote hii sijamwambia mtu."

Afra alisukuma kikombe pembeni, jambo ambalo jamaa zake wa Kuwait wasingeliamini.

"Nilipigwa siku ile," alisema. "Khaisha alilia mpaka akawa wa buluu. Nikachovya kitambaa katika asali ya tende, nikamtia mdomoni. Mama akanyanyuka na homa yake, akanipiga kwa ndala. Mimi nilidhani ni kwa sababu umechelewa."

"Na ya sita?"

"Usiku ule homa ilishuka. Asubuhi mama akasema maziwa yamerudi, mtu asimsumbue tena Kaltham."

Bi Kaltham alihesabu kwa vidole.

"Nne," alisema Bi Kaltham.

"Nne!" Afra akapiga kigelegele kilichomtoa mpishi jikoni na mwiko mkononi.

Mchanga uliochotwa horini ulimwagwa ukingoni, ukawa ardhi, ardhi ikawa viwanja, na juu ya viwanja hivyo leo zimesimama benki. Meli zikaingia kwa wingi, mji ukawa huu ulivyo, Suhail akapata vioo sita na Mahra meza ya tatu. Bi Kaltham hakuwahi kuupenda ule mtambo. Siku ile aliusamehe.

Mahakamani mtu hupewa namba kwenye karatasi, akaketi mpaka ukuta umwite. Ukuta ulimwita Bi Kaltham saa tatu na nusu. Waliingia wanne: yeye, Afra, Dhahi na Suhail. Kadhi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri, na mezani pake palikuwa na kahawa katika kikombe cha karatasi chenye kifuniko.

Dhahi, mtu mzima mwenye mvi na kampuni ya kukodisha winchi, hakujua la kufanya na mikono yake. Mbele ya mwanamke huyu alikuwa amerudi kuwa gunia.

Kadhi aliwasikiliza wanawake wote wawili bila kuwakatiza. Aliandika. "Siku nne, basi. Na ushahidi wa kingo zote mbili. Vizuri sana. Kila siku mara moja, Mama?"

"Mara moja. Asubuhi. Wengine walimnyonyesha jioni, wanawake wa kwao." Bi Kaltham alisita. "Ila ya tatu, ile ya mvua. Alinyonya akashiba, akalala. Nikabaki kwa sababu ya mvua. Akaamka, akanyonya tena."

"Aliachia ziwa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alishiba."

"Akalala muda gani? Maana mtoto akipumzika tu akarudi, wanavyuoni huhesabu mara moja."

"Muda wa kupika kahawa. Nilimpikia mama yake mgonjwa."

"Aah," alisema kadhi, na uso wake ukafunguka. Aligusa kikombe chake cha karatasi pasipo kujua. "Dakika tano. Hiyo ni pumziko, si utengano. Mara moja. Jumla nne." Akaanza kuandika.

Suhail alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu ile siku ya vitambaa. Bi Kaltham aliisikia. Aliitambua, kwa sababu ndiyo pumzi aliyokuwa akiishusha utotoni akishaachiwa taa ikiwaka.

Alitazama kalamu ikienda. Hakuna mtu aliyesema uongo chumbani mle. Yeye alikuwa amesema kweli, kadhi alikuwa ameisikia kweli, na kweli ilikuwa ikiandikwa vibaya kwa mwandiko mzuri. Kilichotakiwa kwake ni kukaa tu. Akamkumbuka Ghaya akiaga kila mtu kwa jina.

"Andika polepole, mwanangu," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Hiyo kahawa yako inatoka wapi?"

"Hii? Chini, kwenye mashine."

"Yangu haikutoka chini. Nilianza kwa kukoka moto, na kuni zimelowa. Kisha nikakaanga buni, nikaipoza, nikaitwanga. Nikatwanga na iliki. Nikaichemsha, nikaiacha ikae, nikaichemsha tena. Nilipoanza mvua ilikuwa bado inanyesha, nilipomimina jua lilikuwa limeshatoka na Afra ameanika nguo."

Kadhi alimgeukia Afra. Afra alikuwa akiangalia sakafu.

"Nilianika nguo," alisema kwa sauti ndogo.

"Saa nzima?"

"Saa na zaidi," alisema Bi Kaltham. "Na alipoamka alinyonya kama aliyetoka safari, akashiba tena, akalala tena."

Kadhi aliweka kalamu chini. Alikitazama kikombe cha karatasi kama kwamba kilitaka kumtia matatani.

"Basi ni tano, Mama."

"Ni tano."

Ndani ya gari Suhail aliendesha kwa mwendo wa taratibu usio wake. Walipita juu ya hori kwa daraja. Chini abra zilikuwa zikivusha watalii. Foleni ilikuwa ndefu.

"Ungeweza kunyamaza, Mama," alisema baadaye, bila ukali.

"Ningeweza."

Gari lilisogea urefu wa gari moja, likasimama.

"Hasira unayo?"

"Ninayo."

"Kaa nayo. Usinifiche."

Hoteli haikurudisha malipo ya ukumbi. Katika mkataba palikuwa na vipengele vya vita, mafuriko na msiba wa taifa, lakini si cha kunyonya. Maitha alinuna wiki mbili. Suhail aliomba kuhamishiwa zamu nyingine, asikae mbele ya meza ya tatu. Dhahi ndiye aliyewashangaza watu. Mama yake alikuwa amekufa miaka kumi kabla, na sasa, akiwa na miaka arobaini na tisa, mahakama ilikuwa imempa mwingine. Kila Ijumaa baada ya sala aliegesha gari lake mbele ya nyumba ile ya Mirdif, akaingia na kumbusu Bi Kaltham utosini. "Mama, umeamkaje?" Alikuwa akileta samaki. Bi Kaltham alikuwa akimlalamikia kwamba ni mdogo.

Ghaya naye alikuja, na Idi ilikuwa bado mbali. Hakuleta tende. Alikaa, akanywa vikombe vitatu, wakazungumza habari za magoti.

Idi ilipofika, Dhahi alikuja na nyumba yake yote, na Afra aliyekuwa amerudi tena toka Kuwait. Mahra aliingia wa mwisho, nyuma ya mama yake, akambusu Bi Kaltham mkono, akamwamkia kila mtu. Suhail alikuwa pembeni kabisa ya sebule, amekaa kama mtu aliyekuja kutengeneza kitu. Kulikuwa na joto, na mashine ya kupoza hewa ilikuwa imechagua siku hiyo kugoma.

"Vua shela, mwanangu, utazimia," alisema Dhahi. "Hapa hakuna mgeni. Bibi yako, shangazi yako, ami yako."

Mahra alisimama. Mkono wake ulifika begani, ukakaa pale kitambo, kama wa mtu anayetaka kutia saini na hajamaliza kusoma. Kisha akaishusha shela, akaikunja, akaketi, akaiweka mapajani. Nywele zilikuwa ndefu kuliko mtu angeweza kudhani, zimesukwa msuko mmoja, nyeusi.

Suhail alikuwa na kikombe mkononi. Alikitazama kikombe. Kilikuwa kimejaa, hajakigusa, nacho akakitikisa mara mbili, ishara ya mtu aliyetosheka, kahawa ikammwagikia vidoleni.

Bi Kaltham aliona. Akanyanyua birika lake, lile la zamani, lenye kahawa iliyochukua asubuhi nzima, akampita, akaenda kummiminia Afra.